Jiko Lenye Shamba Lake

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia akilini natamani kupiga vigelegele, hata kwa uzee huu na meno haya machache niliyobaki nayo. Ni siku ambayo jiko la chuma lilifika nyumbani kwetu juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na kijiji kizima nyuma yake kikiimba kana kwamba tunaleta bibi harusi.

Nimeikumbuka tangu jana uliponipigia simu. Ulikuwa ukicheka na kupaza sauti kama mtu aliyeshinda kura: "Nyanya, nimenunua mashine ya kusafisha hewa! Sasa mtoto atalala bila kukohoa!" Nami nilifurahi, usidhani sikufurahi. Kifua cha mtoto si jambo la mchezo. Lakini nilipokuuliza hiyo mashine inakula nini, ulisema, "Umeme tu, Nyanya. Labda na chujio, sijui." Hilo "sijui" ndilo lililonifanya nikuite uje na mtoto, uketi hapa. Simu ni ya salamu. Maneno marefu yanataka kigoda.

Basi sikiliza. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, nami nilikuwa msichana aliyemaliza shule ya msingi juzi tu. Nyumbani kwetu kulikuwa ng'ambo ya mto Kuja, ukitoka Migori. Baba alikuwa mtu wa maendeleo. Ndiye wa kwanza pale kijijini kuondoa nyasi na kuezeka mabati, na watu walikuja kuyatazama yakimetameta juani. Lakini hakuna aliyefikiri jambo moja: nyasi hupumua, mabati hayapumui. Moshi wa mafiga uliokuwa ukipenya taratibu kwenye nyasi ukakosa pa kwenda. Ukashuka. Ukakaa nasi ndani kama mgeni asiyejua kuaga.

Aliyeumia zaidi ni Mama. Mama yangu, mwanangu, alikuwa na sauti! Siku ya Sabato akianza wimbo kanisani, wanaume waliokuwa wakizungumza mifugo nje walivua kofia wakaingia. Yeye ndiye aliyeongoza nyimbo kila mwaka kwenye makambi, ule mkutano wetu mkubwa wa kanisa, ambapo watu walitoka hata Homa Bay na Rusinga wakaja kulala kwenye mahema. Baada ya yale mabati, kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Mwaka mmoja alianza wimbo kwenye makambi akashindwa kuumaliza. Alishika nguzo ya hema, akakohoa mpaka akakalishwa chini, na mwanamke mwingine akaupokea wimbo. Mama hakulia. Alirudi nyumbani, akainama, akawasha mafiga, kwa sababu tulihitaji kula.

Kaka yangu Ouma alikuwa dereva wa trekta huko juu kwenye mashamba ya chai. Mzungu mmoja wa huko alikuwa akiuza vitu vyake arudi kwao, na miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na jiko la chuma: zito, jeusi, lenye mlango wa kuni, tanuri la kuokea mikate, na bomba la kutoa moshi juu ya paa. Ouma aliliona bomba lile, akamkumbuka Mama. Akatoa akiba yake yote, asibakize hata nauli. Alirudi amepanda lori la mahindi, amelikumbatia jiko lake kama mtu aliyembeba mgonjwa.

Mwanangu, siku ile! Lori liliishia barabarani, tukalileta jiko kwa mkokoteni, na wanaume wakalishusha kwa kamba, wakipiga kelele, "Inua! Weka! Angalia mguu!" Mabati yakatobolewa, bomba likapandishwa, Baba mwenyewe juu ya paa akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Kisha Ouma akawasha moto. Tukasogea wote kutazama. Moshi ukazunguka tumboni mwa jiko, ukasitasita, halafu ukapanda. Mtoto mmoja akapiga ukelele kutoka uani: "Unatoka! Unatoka juu!" Tulikimbia nje wote. Na kweli, moshi ulikuwa ukitoka juu ya nyumba umesimama wima kama mkia wa ndama aliyeshiba. Mama peke yake alibaki ndani. Nilipomchungulia, alikuwa amesimama karibu na jiko, anavuta pumzi ndefu, anaitoa, anavuta nyingine, kama mtu anayeonja chakula.

Basi katika furaha hiyo, watu wakila na kucheka, Dana Apiyo akagonga fimbo yake. Dana Apiyo alikuwa mama yake baba yangu. Dana ndilo neno letu la Kijaluo la nyanya. Mwanamke mfupi, mkavu, ambaye hakupenda kurudia neno. Alilizunguka jiko mara kadhaa. Akalipiga kofi ubavuni kama anavyopigwa ng'ombe mnadani.

"Ouma," akasema, "mnyama wako ni mzuri. Anakula nini?"

Watu wakacheka. Ouma akajibu, "Kuni, Dana. Kama mafiga tu."

"Kuni gani?"

"Kavu. Zilizokatwa fupi, ziingie mlangoni."

"Nani atakata? Mama yako mwenye kifua? Na hilo shingo refu linalotoka juu, mvua ikilila, liko jingine?"

"Litakaa miaka mingi, Dana. Ni kitu cha Wazungu."

"Mvua haijui Mzungu." Hapo hakuna aliyecheka tena. "Mjukuu wangu, moyo wako ni mwema, na Mungu ameuona. Lakini umeleta ng'ombe usiyemtafutia malisho, ukaenda zako. Ulimuuliza muuzaji bei ya kumnunua. Ulimuuliza bei ya kuishi naye?"

Ouma aliinamisha kichwa. Mimi nilikasirika moyoni, nikaona kizee hiki kimekuja kumwaga maji kwenye moto wetu. Kumbe hakuwa amemaliza. Akageuka, akamwambia Baba, "Nipeni kile kipande changu cha shamba kilichoko njiani. Kuanzia leo ni cha jiko. Na yule kuku wangu mwekundu ni wa jiko. Kila anayekaa kwenye nyumba hii ana shamba lake. Huyu naye awe na lake, asije akawa anakula kwenye sahani ya watoto."

Ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake mimi na Dana tulipanda miche ya mikaratusi kwenye kile kipande, safu kwa safu, na katikati tukapanda mahindi wakati miti ikiwa bado midogo. Mahindi tuliuza, magunzi yake jiko likayala. Kuku mwekundu akatotoa, vifaranga vikawa kuku, na Dana akawabadilisha kuku kwa mbuzi jike, naye akazaa. Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu, lakini watu wengi hawajui kwamba kibaba nacho kinataka mlinzi. Siku moja mchungaji alitutembelea ghafla. Baba akamkamata jogoo mnene uani. Dana akatoka mbio, mara ya kwanza na ya mwisho mimi kumwona akikimbia.

"Mwache huyo! Ni wa jiko!"

"Mama, ni mchungaji amekuja," Baba akanong'ona kwa aibu.

"Karibu, mchungaji," akasema Dana kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Utakula kuku wa mwanangu, ambaye ni mtamu zaidi."

Mchungaji alicheka mpaka machozi. Akaomba aonyeshwe hilo jiko lenye mifugo.

Na Mama? Mama alirudi! Filimbi ya kifuani ilipungua, usingizi ukarudi, mashavu yakajaa. Aliimba akisonga ugali, akaimba akifungua mlango wa tanuri kutoa mikate. Kila jioni ya Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, mimi nilikung'uta masizi kwenye bomba kwa fimbo yenye matambara, nikatoka nimekuwa mweusi kama chungu, na yeye akinicheka. Makambi ya mwaka uliofuata aliimba kidogo, akiwa ameketi. Wazee wa kanisa wakamwambia, "Mwakani, Mama Ouma, utatuongoza ukiwa umesimama."

Mwaka huo wa kusimama ndio ulioleta majaribu. Mvua ilinyesha kama imesahau kuacha. Bomba lilikuwa likila mvua kwa nje na moshi kwa ndani, na asubuhi moja, upepo ulipopiga, likakatika juu ya paa na kuanguka uani, kipande kimoja huku, kingine kule. Lililobaki nililigusa likavunjika mkononi kama jani kavu. Moshi ukarudi nyumbani. Tulijaribu kupika nje chini ya ukingo wa paa, mvua ikazima moto. Tukarudi ndani. Jioni ile nikaisikia tena filimbi kifuani mwa Mama, na makambi yalikuwa karibu.

Tulimpelekea Ouma habari. Naye alikuwa ameoa, mkewe amejifungua, hana kitu. Hapo hapo, kama fisi anayesikia ng'ombe amevunjika mguu, akaja mwenye hoteli mmoja wa Rongo. Alisema atalinunua jiko hata kama halina bomba, atajua mwenyewe. Baba akakaa akijishika kidevu.

"Linatuchosha," akasema. "Leo kuni, kesho chuma cha kuwekea kuni kimeungua, leo bomba. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Acha tuliuze, tutoboe dirisha kubwa."

Mama alikuwa akikohoa tu.

Nikaenda kwa Dana nikilia. Alikuwa amelala, miguu inamuuma kwa baridi ya mvua. Akaniambia, "Unalilia nini? Baba yako anazungumza kama mtu ambaye jiko linamdai. Jiko halimdai yeyote. Lina mbuzi wake. Nenda kamwambie kwamba jiko, mwenye mali, linataka kujitibu."

Mwanangu, nilimrudia Baba nikamwambia maneno hayo hayo. Alinitazama, akamtazama mwenye hoteli, akatazama mbuzi wa jiko waliokuwa wamesimama chini ya ghala wakikwepa mvua. Akaanza kucheka. Alicheka akasimama, akasema, "Bwana, samahani. Nimesahau kwamba jiko hili si langu."

Asubuhi yake mimi na Baba tuliwaswaga mbuzi hadi soko la Migori, tukawauza, tukaingia kwa fundi Hassani, aliyekuwa akifua mabati nyuma ya stendi ya mabasi. Fundi akatuonyesha mabomba mawili: jembamba la bei rahisi, na nene ambalo lingemeza pesa yetu karibu yote. Baba akanyoosha mkono kwa lile jembamba. Nikamshika kiwiko.

"Baba, hilo ni rahisi hapa dukani. Nyumbani ndiko ghali. Tutarudi kulinunua tena na tena."

Fundi akacheka. "Mzee, huyu binti nani amemfundisha?"

"Mama yangu," Baba akajibu, akaliweka lile jembamba chini.

Tuliondoka tumelibeba bomba nene, yeye mbele mimi nyuma, watu njiani wakituuliza kama tumenunua bunduki ya kuua kiboko. Tulicheka njia nzima! Lakini tulipofika mto Kuja, kicheko kikaisha. Maji tuliyoyavuka asubuhi magotini yalikuwa yamepanda, mekundu, yana vurugu, yanabeba matawi. Basi moja la abiria lilikuwa limekwama matopeni huko nyuma. Watu kadhaa walikuwa wamesimama ukingoni wakishauriana, na kijana mmoja mchungaji wa ng'ombe akasema pana mahali juu kidogo penye mawe, tukivuka tukishikana tutafika.

Tukaingia. Maji yakanifika kiunoni. Nilikuwa nimeliinua bomba juu ya kichwa kama fimbo ya chifu, yule kijana amenishika mkono, Baba nyuma yetu. Nikasikia jiwe likibingirika, na Baba akapiga ukelele. Nikageuka: kichwa chake kilikuwa kikienda na maji! Sikufikiri, mwanangu. Nililisukuma bomba kuelekea kwake kwa nguvu zangu zote nikimwita jina lake, jina ambalo mtoto haliiti, na akalidaka mwisho wake. Yule kijana akaning'ang'ania kiuno, watu waliokuwa mbele wakarudi wakamshika yeye, tukavuta. Lingekuwa lile jembamba, lingejikunja kama utete. Hili halikujikunja. Baba alitoka majini kama kambare, mikono yote miwili imeganda kwenye bomba, akalala ukingoni anatema matope. Nilidhani atalia. Akasema, "Atieno, angalia kama limebonyea."

Tulicheka mpaka yule kijana akadhani tumerukwa na akili.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado linachungulia mawinguni. Baba hakubadilisha hata nguo. Alipanda juu ya paa akiwa anatiririka maji, akafunga bomba kwa waya, akalivika kofia ya bati ili mvua isiingie ndani, maana fundi alikuwa ametuelekeza. Nikawasha moto kwa magunzi. Moshi ukapanda! Ndugu zangu wakaruka, majirani wakaja, na Dana Apiyo aliletwa akiwa ameshikwa mikono huku na huku. Akatazama juu, akatazama mbuzi mmoja jike ambaye hatukumuuza, akasema, "Vizuri. Mmeacha mbegu."

Na makambi yalipofika, Mama alisimama. Alisimama mbele ya mahema yale yote, akafunga macho, akauanza wimbo. Nilikuwa nimemshika Baba mkono. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Alipofika pale alipokatikia zamani, sisi wa nyumbani tulizuia pumzi. Akapapita kama mtu anayevuka kizingiti! Umati ukamwitikia, hema likajaa sauti, na hadi leo sijasikia kitu kilichonifurahisha kuliko kile. Ouma alikuwepo, na mtoto wake begani. Baada ya ibada alikwenda akapiga magoti kwa Dana, akamwomba amfundishe kupanda miti.

Jiko lile lilitutumikia mpaka mikaratusi ikawa mikubwa, tukakata, ikachipuka, tukakata tena. Mwisho wake chuma kilipasuka, tukalipumzisha kwa heshima, kwa maana kila chombo kina siku yake. Mama aliimba hadi uzeeni.

Basi, mwanangu, sasa nisikie vizuri. Sikukatazi mashine yako. Pumzi ya mtoto haina bei, na aliyeinunua kwa ajili ya mtoto wake amefanya kama Ouma alivyofanya. Lakini usiwe kama Ouma wa siku ile ya kwanza. Bei uliyolipa dukani ni mahari ya kwanza tu. Mashine yenyewe bado ina madai. Rudi kwa aliyekuuzia umuulize: hilo chujio linachoka baada ya muda gani, linagharimu nini, na miaka ijayo litapatikana, au utabaki na sanduku zuri lisilofanya kazi? Umeme wake uuone kwa macho yako, usiukadirie kwa moyo wenye furaha. Kisha itengee mashine hiyo fungu lake. Kila mwezi weka kidogo, na usiliguse hata wageni wakija. Siku chujio litakapochoka, usiwe unachagua kati ya pumzi ya mtoto na chakula chake.

Na usiitwishe mzigo usio wake. Fungua madirisha asubuhi, futa vumbi, mwambie jirani yako kwa upole asichome takataka chini ya dirisha lako. Mashine inayosafisha uchafu tunaoweza kuuzuia inakula mara mbili. Isafishe kabla haijakulilia, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukiona vitu viwili dukani, kimoja rahisi na kimoja cha kudumu, usiulize kipi kinafaa mfuko wako wa leo. Uliza kipi kitakuwa bado kinakuhudumia mtoto atakapokuwa anakimbia.

Haya, inua mkono wako nikushike. Mungu wa mababu zetu akupe riziki isiyokatika na akili ya kuilinda. Akupe vitu vizuri, na akupe pia cha kuvilisha. Kifua cha mtoto wako kiwe chepesi, alale, aamke, acheke, na sauti yake isikike mbali kabla hata hajaonekana njiani. Amina. Sasa mlete huyo mtoto nimbebe.